Safari ya Kuhesabu Ndege Mwezi wa Saba

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Lilongwe
Tarehe: 6 Julai 2000. Yameanza saa 5:10 asubuhi
Jina: Étienne Akilimali
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Annonciata Mukankusi, mwalimu wa katekisimu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeomba maandishi yaende haraka kwa sababu basi ninalotaka lisimamishwe linaondoka leo saa saba kamili mchana kuelekea Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndani yake watakuwamo vijana tisa wa Kikongo kutoka Dzaleka. Mmoja ni mdogo wangu.

Natoka karibu na Uvira, Kongo. Kabla ya vita nilifanya kazi miaka kumi na mmoja na watafiti waliokuwa wakihesabu ndege pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Nilianza kama mbeba mizigo, nikaishia kuwa mhesabuji. Nilikimbia na mke wangu Rosette na mdogo wangu Eliezer, ambaye sasa ana miaka 24. Tulifika Dzaleka mwezi Machi 1999. Pale ninashona suruali na sare za kwaya.

Mnamo tarehe 28 Mei 2000, siku ya Jumapili, kama saa saba mchana, mtu anayeitwa Audace alikuja kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nimemwona kanisani mara mbili tatu. Alisema anatoka mji wa Baraka, kusini ya Uvira, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha kusema "njo" badala ya "ndio". Aliniambia, "Papa Étienne, banasema hapa kambini hakuna mutu anajua ndege kama wewe."

Nilimjibu, "Mi nilihesabu tu. Wenye kujua ni bale bazungu."

"Basi kuna bazungu bengine njo banakuita."

Alinieleza kwamba shirika fulani linataka ndege wa pwani wahesabiwe katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kwa wiki mbili. Walihitaji kiongozi na vijana tisa wenye nguvu za kutembea. Shirika lingelipa nauli na chakula, na kambi ingetoa barua ya ruhusa. Sikuuliza jina la shirika. Naomba ieleweke kwamba mimi sijawahi kuona bahari. Wale ndege niliokuwa nikiwahesabu Ruzizi, sululu na vitwitwi, walikuwa wakipita tu, wakitoka baharini au wakienda huko. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiwaandika wageni ambao kwao sikujui.

Nilianza kupanga siku ileile. Nilinunua daftari la shule. Niliandika kwamba tutagawanyika makundi matatu, kila kundi na ufuko wake, na kwamba tutahesabu maji yakipwa, kwa sababu ndege hushuka kula kwenye matope yakiwa wazi. Niliandika mchele, dagaa, kofia, chumvi, dawa ya malaria. Rosette aliniambia nimeanza kuimba nikiwa nashona.

Kila siku ya juma, kuanzia saa tisa alasiri, niliwafundisha vijana katika ukumbi wa kanisa. Nilimwaga maharage sakafuni, nikawapa muda wa kuvuta pumzi tatu, kisha nikayafunika kwa gunia na kuwauliza ni mangapi. Ndivyo mtu anavyojifunza kuhesabu kundi kabla halijaruka. Mdogo wangu Eliezer alikuwa bora kuliko wote. Niliwahi kumwaga mia mbili na kumi, akasema mia mbili. Nilijivuna mbele ya watu.

Mnamo tarehe 14 Juni tuliitwa kwenye ofisi ya kambi kwa ajili ya ruhusa. Afisa aliniuliza maswali kwa karibu nusu saa: ndege gani, kwa nini kisiwa hicho, tutalala wapi. Nilijibu yote na nikamwonyesha daftari. Audace alikaa nyuma yangu. Afisa alitia sahihi barua ya watu kumi. Sina lawama kwake. Alinisikiliza mimi, na mimi nilikuwa nikisema ninachokiamini.

Mnamo tarehe 17 Juni, Jumamosi, Audace alinipeleka Lilongwe, kwenye nyumba moja katika mtaa wa Area 47. Nimeshamweleza Inspekta anayeandika maelezo haya geti lake lilivyo. Sebuleni mlikuwa na meza na ramani ya Tanzania. Pale ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza tarehe ya kuondoka, yaani leo, na akanieleza lilivyo basi la Karonga ambalo tungepanda saa saba mchana.

Nilimwambia, "Mwezi wa saba? Sululu hawako. Bameenda kutaga kule kwenye baridi, kwa bazungu. Vitwitwi pia. Bakibaki, ni wachache, bale bachanga. Tungojee mwezi wa kumi."

Alicheka. "Papa, ndege ni ndege. Utahesabu wale utakuta."

Ningependa Inspekta aelewe neno hilo lilivyoniingia. Hakuna mtu atakayegharimia safari ya watu kumi kwenda kuhesabu ndege ambao hawapo. Mtoto wa shule aliyekaa na watafiti wiki moja anajua hivyo. Audace alipotoka kwenda kuongea na mtu uani, nilitazama karatasi iliyokuwa kando ya ramani. Yalikuwamo majina tisa, na mbele ya kila jina umri na namba ya kiatu. Mbele ya majina mawili palikuwa na alama ya msalaba. Moja lilikuwa la Eliezer. Jina langu halikuwamo.

Audace aliporudi nilimuuliza mbona mimi simo. Alisema karatasi ya kiongozi inakaa kwa wazungu. Nilirudi Dzaleka na nikaendelea kumwaga maharage siku kumi na saba nyingine. Inspekta ameniuliza kwa nini. Nimemjibu kwamba nilitaka iwe kweli.

Jana, tarehe 5 Julai, vijana waliondoka kambini asubuhi kwa matola, lile gari dogo la wazi linalobeba abiria na mizigo. Audace aliniagiza mimi nisubiri leo saa moja asubuhi mbele ya hospitali ya misheni Likuni, gari la shirika litanichukua hapo. Nilifika saa kumi na mbili na nusu nikiwa na daftari na darubini. Nilisimama mpaka saa tatu. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama nina mgonjwa ndani. Mara ya pili nilipomjibu hapana, nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikajua hakuna gari.

Eliezer alikuwa amemwambia Rosette kwamba watalala mtaa wa Chilinde, hapa Lilongwe, kwenye vyumba vilivyo nyuma ya kinu cha mahindi. Nilifika hapo saa tatu na dakika arobaini. Mlango ulikuwa wazi. Vijana walikuwa wameketi kwenye mikeka wakifunga kamba za viatu. Wote tisa walikuwa na mabuti mapya ya aina moja, marefu mpaka juu ya kifundo. Mtu haendi kwenye matope ya pwani na buti la namna hiyo.

Nilimwita Eliezer nje. Kinu kilikuwa kinasaga, ilibidi tuongee kwa nguvu.

Kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya. Aliuliza, "Yaya, umekuja kufanya nini huku?"

"Kukuchukua. Hakuna ndege kule."

"Najua."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ya kwanza. Alisema wakifika Mbeya watageuka kwenda Kigoma, halafu watavushwa ziwa kuingia Fizi, kwetu Kongo, na huko watapewa silaha. Wanaojua ni yeye na mwenzake mmoja tu, wale wawili niliowaona na alama ya msalaba, kwa sababu waliwahi kushika bunduki nyumbani. Wengine saba wangeambiwa Mbeya, ambako hakuna njia ya kurudi.

"Na mi?" nilimuuliza. "Mi nilikuwa wa kazi gani?"

Alitazama chini. "Bureau ya kambi haingesaini kwa Audace. Kwako balisaini. We hauna uso wa kudanganya, Yaya. Ningekuambia, uso ungebadilika."

Nilimshika mkono, akauondoa. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliuondoa tu. Aliniambia maneno ninayoomba yaandikwe kama alivyoyasema: "Siku ile we ulikuwa unahesabu ndege. Mi njo nilichimba kaburi ya baba, na jembe ya jirani."

Hilo ni kweli. Baba yetu aliuawa nyumbani mwezi Desemba 1998. Watafiti walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini mimi nilikuwa bado nakwenda mtoni kwa mazoea. Niliporudi, kaburi lilikuwa limefunikwa. Eliezer hakuwahi kulisema neno hilo mpaka leo.

Niligeuka niingie ndani niwaambie wale saba. Audace alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia nini. Alinisalimia kwa mikono miwili, kama mtu anayenisalimia kanisani. Akasema, "Papa Étienne, pole. Gari ya bazungu iliharibika. Rudi kambi, tutakuita." Kisha akasema polepole, "Mama Rosette bado anauzaga mandazi pale karibu na shule, si njo? Peke yake?"

Nilimjibu ndiyo. Nilimwambia asante. Niliondoka.

Kutoka Chilinde mpaka hapa nimetembea kama dakika hamsini. Ningeweza kupanda minibasi. Nilitembea kwa sababu nilijua nikifika nitasema jina la ndugu yangu, na nilitaka kuwe na njia kidogo mbele yangu. Nilipofika nilisimama upande wa pili wa barabara. Nikawafikiria wale saba. Niliwafundisha mimi. Kuna mmoja ambaye mama yake alishonesha kwangu mfuko wa kuwekea daftari lake la ndege. Nikavuka.

Inspekta ameniambia hivi kupitia mkalimani: "Ndugu yako anajua anakokwenda. Atashushwa na kuwekwa ndani pamoja na wengine, na huenda akashtakiwa wakati wale wakirudishwa kambini. Umeelewa?" Nimesema nimeelewa. Mkalimani ameniuliza tena kwa Kiswahili, kwa upole, bila kuambiwa. Nimesema, "Ndiyo, mama. Andika."

Nimeeleza basi lilivyo: la bluu, mstari mweupe chini ya madirisha. Eliezer amevaa shati la kijani nililomshonea mwenyewe. Ninaomba mke wangu atolewe pale anapouzia kabla ya jioni.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya, pamoja na yale niliyopaswa kufanya mapema nisifanye. Nimesomewa yote kwa Kiswahili. Nimesahihisha mahali pamoja: palikuwa pameandikwa kwamba nilidanganywa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Si kweli. Kuanzia tarehe 17 Juni nilijidanganya mwenyewe.

Sahihi: É. Akilimali
Saa 6:05 mchana

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyapokea mimi, Sub-Inspekta L. Msukwa. Shahidi alikuwa na akili timamu na hakushurutishwa. Alikataa chai.

Basi liliondoka saa saba kamili, kabla askari wangu hawajafika stendi. Lilisimamishwa saa 9:05 alasiri kwenye kizuizi cha barabara, wilaya ya Kasungu. Vijana wanane walishushwa na wakakubali kurudi bila ubishi; saba kati yao walisema walikuwa wakienda kuhesabu ndege, na mmoja wao aliwaonyesha askari daftari. Wa tisa, Eliezer Akilimali, alikimbilia shambani na akakamatwa baada ya dakika ishirini. Audace hakuwamo ndani ya basi na nyumba ya Area 47 imekutwa tupu. Anatafutwa. Bi Rosette yuko salama, amehifadhiwa kwa masista.

Saa 12:10 jioni shahidi alitakiwa kumtambua Eliezer hapa kituoni. Alimtambua. Eliezer alipoulizwa kama anamfahamu mtu aliye mbele yake, alijibu, "Hapana. Simujue."

Kwa kuwa mahabusu kuna baridi na mtuhumiwa alikuwa na shati tu, shahidi alivua sweta lake akaomba apewe. Niliruhusu. Eliezer alilishika kwa muda, kisha akalivaa.