Ombi la Kufutwa kwa Ziwa

Santa Rita la Alta,
3 Mei 1968

Kwa Bibi Primitiva Tolaba,
Mpiga Chapa, Ofisi ya Maji ya Mkoa.

Mheshimiwa, na dada yangu mpendwa,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA ZIWA KATIKA RAMANI

Baada ya salamu, na baada ya kuulizia afya yako, ambayo natumaini ni njema kama yetu ilivyo ya kuridhisha, magoti ya Mama yakiwekwa kando, ninayo heshima kukujulisha dhumuni la waraka huu.

Chemchemi ya kijiji imekauka tangu mwaka jana. Wanawake hutembea na punda mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi kufuata maji. Mama yetu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, naye huenda, kwa kuwa hakatazwi akakatazika. Tuliiomba ofisi yenu mashine ya kuchimba kisima. Tulijibiwa kwa mistari miwili kwamba hatustahili, kwa sababu ramani inaonyesha ziwa umbali wa kilomita nane kutoka kwetu, upande wa machweo.

Ziwa hilo unalijua. Ndilo linaloonekana kutoka kwenye lundo la mawe, jua likiwa juu, likimeremeta hadi miguuni pa milima. Ndiko tunakoipeleka sanamu ya Bikira Maria kila tarehe kumi na tano Agosti. Tunapiga magoti penye mawe, tunaweka sadaka ya majani ya koka, kisha tunageuka. Hakuna apitaye mawe, kwa kuwa Bikira hafuatwi hadi nyumbani kwake ziwani.

Bila kuingia katika mjadala wa kama ziwa lipo au halipo, jambo ambalo ni la imani, naomba kwa unyenyekevu lifutwe katika ramani peke yake.

Ni mimi kaka yako,
Liborio Tolaba,
Katibu wa Kijiji.


Mjini, 21 Mei 1968

Kaka Liborio,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kidogo kwa baridi ya huku. Mama je? Magoti yake mpake mafuta ya lama ya moto, siyo ya baridi, na usimwachie apake mwenyewe, maana atasema amepaka.

Miaka kumi na sita bila barua, halafu ya kwanza inakuja na YAH! Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza nimepata mchumba au nimefiwa.

Kwa hiyo unataka ziwa litoke kwenye karatasi, ila libaki mdomoni. Kaka, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopita yale mawe nikimfuata lama wetu aliyepotea malishoni. Nilitembea asubuhi nzima. Nilirudi viatu vyeupe kwa chumvi, nikasema: hakuna maji kule, ni chumvi tupu. Nani alishika kalamu siku ile? Uliandika katika kitabu cha kijiji, kwa ile hati yako yenye mikia: "Mtoto Primitiva amesema uongo juu ya Ziwa." Nikaitwa Primi Mkavu mpaka siku nilipopanda lori.

Nimefungua jalada lenu. Wapima ardhi gari liliwaharibikia penye mawe, hawakufika mbele. Waliuliza, wakaonyeshwa kwa kidole, wakachora. Kuna sahihi ya shahidi mmoja. Ina mikia.

Taratibu ni hizi: aliyetia sahihi aende mwenyewe kwa miguu, aandike alichokuta, na wakuu wa kaya ishirini waunge mkono. Orodha ya visima inafungwa tarehe 31 Agosti, na mashine inapanda huko Septemba. Ikishashuka, haipandi tena kwa miaka mingi.

Mimi siwezi kufuta kitu. Nenda ukaangalie.

Mdogo wako,
Primi


Santa Rita la Alta,
12 Julai 1968

Dada yangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini kifua kimetulia. Mama anakusalimu na anasema mafuta ni ya moto. Anasema pia niandike barua ya mtu, siyo ya serikali. Nitajitahidi.

Nimechelewa kujibu. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nimekasirika. Wiki ya nne nilitafuta nakala ya ushahidi wangu nikiwa na matumaini kwamba sahihi si yangu. Ni yangu. Wale wapima ardhi walikuwa na vyombo vya shaba na lugha nzuri, na mmoja aliniita Bwana Katibu. Niliona fahari kuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Tarehe pili Julai niliondoka alfajiri. Nilipita mawe. Nakiri kwamba nilivua kofia na kuomba radhi. Jua lilipopanda, maji yakawa mbele yangu, ya bluu, yakiwa na mawimbi madogo. Kila baada ya hatua elfu moja nilichomeka kijiti chenye sufu nyekundu. Kila nilipochomeka, maji yalikuwa yamesogea mbele kwa kiasi kilekile. Kwa hesabu ya hatua zangu, kijiti cha kumi na moja kilikuwa katikati ya ziwa nililolitolea ushahidi. Niliketi juu ya chumvi.

Hapo nikageuka kutazama nilikotoka, na nikaliona jambo ambalo sikujiandaa kuliona. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya maji. Mnara wa kanisa ulisimama juu ya mnara mwingine uliopinduka. Nyumba ya Mama ilikuwa inaelea.

Niliitisha mkutano nikaeleza kila kitu kwa utaratibu, pamoja na idadi ya vijiti. Don Hilarión Cusi, msimamizi wa maandamano ya Bikira, aliinuka.

"Liborio, jua limekupiga kichwani."

"Nilikuwa na kofia, Don Hilarión."

"Basi limetoboa kofia."

Walicheka wote. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi, kwamba mwaka huu bendera ya Bikira itabebwa na mtu mwingine. Nimeibeba miaka ishirini na miwili. Aliyeunga mkono maelezo yangu ni mmoja, Mama, aliyeweka dole gumba kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Sasa najua ulirudi vipi siku ile. Naomba ushauri.

Kaka yako,
Liborio Tolaba


Mjini, 27 Julai 1968

Kaka yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Barua yako nimeisoma chooni, maana machozi ya ofisini huleta maswali.

Ulifanya kosa nililofanya mimi: uliwaambia. Mtu ukimwambia hakuna ziwa, unamnyang'anya kitu, na mkononi humpi chochote. Lakini hilo la kijiji kuelea sikulijua! Mimi sikugeuka. Kwenda nilikuwa namtafuta lama, kurudi nilikuwa nakimbilia kusema, macho miguuni. Ningegeuka, ningewavuta mmojammoja kwa mkono wakaone.

Hebu fikiri. Huyo Bikira kila mwaka anafikishwa penye mawe. Nani amewahi kumuuliza kama anataka kuachwa hapo?

Zimebaki siku thelathini na tano. Mwambie Mama namkumbuka.

Mdogo wako,
Primi


Santa Rita la Alta,
18 Agosti 1968

Dada yangu mpendwa Primitiva,

Marahaba, na pole kwa machozi. Sisi ni wazima. Magoti ya Mama yamefanya kazi ambayo sikuyategemea yaifanye, kama utakavyosoma.

Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Tarehe kumi na tano tulifika penye mawe, wabebaji wakamtua Bikira, watu wakapiga magoti. Mama hakupiga. Alishika fimbo yake akapita.

"Genara! Unakwenda wapi?" Don Hilarión aliita.

"Kumsindikiza Bikira kwake. Ninyi kila mwaka mnamtelekeza njiani kama mgeni wa bahati mbaya."

"Rudi, mama, utaanguka!"

"Nikianguka, si kuna ziwa? Nitaogelea."

Wanawake walimfuata, kwa kuwa ndio wanaotembea na punda. Wabebaji walimwinua tena Bikira mabegani, wakabaki wakitazamana, hadi Doña Saturnina, mke wa Don Hilarión, alipowauliza kama wamebeba jeneza. Wakapita nao. Don Hilarión alikuja nyuma ya wote.

Vijiti vyangu vilikuwapo. Kufikia cha saba, baadhi walikuwa wanalia kimya, kwa kuwa maji yalikuwa yanawakimbia nao waliyapenda tangu utotoni. Mimi pia niliyapenda, sitaandika vinginevyo. Katika kijiti cha kumi na moja sikutoa hotuba, ingawa nilikuwa nayo mfukoni. Niliwaomba wageuke.

"Ee Mungu," akasema Doña Saturnina. "Tumezama!" Kisha akaanza kucheka. "Hilarión, tazama paa lako, miaka yote unaniambia halivuji!"

Walicheka huku machozi hayajakauka. Kila mtu alitafuta nyumba yake majini na kumwonyesha jirani. Don Hilarión peke yake alinijia, kofia mkononi. Aliniuliza kama wale wa ng'ambo ya chumvi, wakitazama huku, wanatuona sisi kuwa ndio ziwa. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba sitaandika nisichokwenda kukiangalia. Tumekubaliana kwenda kuwauliza baada ya kupanda viazi.

Naambatanisha tamko langu la kuufuta ushahidi wangu, likiwa na sahihi na madole ishirini na matatu. Dole la mwisho ni la Don Hilarión, kwa sharti kwamba Bikira apelekwe hadi kijiti cha kumi na moja kila mwaka. Bendera nimerudishiwa.

Nilifungua pia kitabu cha kijiji, ukurasa wa mwaka 1949. Sikuufuta mstari wangu, kwa kuwa ni haki usomeke. Chini yake nimeandika: "Mtoto Primitiva alisema kweli. Katibu hakwenda kuangalia." Niliusoma kwa sauti mbele ya watu wote. Mama alitaka usomwe tena, nikausoma tena.

Kwa hiyo naomba uamuzi juu ya mambo mawili. La kwanza ni la ofisi yako: kama tutapewa kisima. La pili ni lako mwenyewe: kama, mashine itakapopanda Septemba, utapanda nayo. Mama ameshatandika kitanda.

Tafadhali jibu kwa ndiyo au hapana.

Kaka yako,
Liborio