Vipepeo Weupe Kwenye Matope

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Nimepita mtoni kama kawaida. Jua kali, mchanga unaunguza nyayo. Chini ya mikuyu, vipepeo wa kahawia, wale wa kivulini. Bwana misitu alisema hao wakirudi ujue ukingo unapona. Tangu kijiji kizungushe uzio wa miiba na kupiga marufuku mifugo pale, ndiyo mara ya kwanza. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 10 Oktoba
Leo weupe, kundi zima, wamejazana kwenye matope ndani ya uzio. Nikawatangazia wanakamati wenzangu wa kutunza mto kwa mbwembwe. Kurudi kuangalia vizuri: wananyonya mkojo wa ng'ombe. Nyayo mbichi za kwato. Miiba ya uzio imesogezwa, ikarudishwa kwa adabu. Aibu yangu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wote wanasema ni Masanja. Msukuma, ana ng'ombe wengi, nani mwingine? Jumapili kijiji kinakaa kumfukuza hapa kijijini Ilemba, yeye na familia yake. Hata mimi nimesema ni yeye.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimewahi mtoni alfajiri. Ndani ya uzio nimemkuta mume wangu, Baba Devota, ananywesha maksai wetu. Hakushtuka.
"Kisima kirefu, Mama Devota, na mgongo wangu huu. Maksai wakikonda, mvua zikija tutalima na nini?"
Kweli. Ushirika ulikufa na trekta lake, mbolea haishikiki bei. Lakini Masanja naye ana watoto. Nina hasira na huyu mwanaume, na namhurumia.

Jumapili, 13 Oktoba
Mkutano baada ya misa. Masanja alisimama peke yake, kofia mkononi. Hakuna aliyemsogelea. Nikainuka.
"Ni ng'ombe wetu. Wa nyumbani kwangu."
Baba Devota akatazama chini. Tumepigwa faini ya mbuzi, Masanja anabaki. Njiani mkewe alinishika mkono. Mashemeji hawakuitikia salamu yangu. Imeniuma.

Alhamisi, 17 Oktoba
Wa kahawia wameongezeka. Sikukaa sana.
Tangu mkutano Baba Devota hasemi nami. Asubuhi na jioni anavuta maji kisimani, anawanywesha maksai, anashika kiuno. Leo jioni ndoo imemshinda. Akaniita nishike kamba, bila kunitazama.
Nikaenda. Tukavuta.