Rula Iliyolazwa

Shuleni Robanda,
13 Julai 1975.

Kwako kaka Lukmani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Kuruthumu na watoto wote, na kwamba kile kikohozi cha wifi kimepoa tangu mvua ziishe. Mimi mwili wangu ni mzima, chakula napata, na kazi inaendelea. Huku mtama wa shamba la kijiji tumeuvuna wiki iliyopita, ule ambao tembo walituachia. Nyumba za safu ya tatu zimekwisha kuezekwa, na watu waliohamishiwa hapa mwaka jana wameanza kupazoea, ingawa wazee wao bado wanakwenda kuyaangalia mahame yao kila Jumapili. Sisi walimu tumejengewa choo kipya. Hayo ndiyo mazuri ya huku. Nimeyatanguliza kwa sababu marehemu mama alitufundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, hata yule uliyemkasirikia.

Kaka, utakumbuka kwamba mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani kule Mugumu, wa kumchagua mwalimu mmoja wa wilaya nzima aende chuo kusomea hisabati kwa miaka miwili. Nilikuandikia kwamba nimeshindwa, na kwamba aliyepita ni Bernadetha Nyangwine, mwalimu mwenzangu wa nyumba moja. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyoshindwa, tangu mwanzo, kwa sababu wakati ule hata mimi mwenyewe sikujua.

Unamfahamu Bernadetha kwa sababu nilimleta kwako Tarime mara mbili, ila hujui tulivyoishi. Tulikuwa tunapika chungu kimoja. Nilipougua homa ya matumbo alinifulia nguo zangu zote na hakuniachia hata leso. Wakati wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori tulikuwa tunapiga debe moja kwa zamu. Watoto wa shule walituita Mwalimu Mkubwa na Mwalimu Mdogo, nami nilikuwa mdogo kwa umbo tu, maana kwa hesabu yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza.

Mwezi wa tisa ikaja barua ya kutuita Mugumu kwenye semina ya hisabati za kisasa, wiki nzima, kujiandaa na ule mtihani. Tuliitwa wote wawili. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amelazwa hospitali, na tungeondoka wote shule ingefungwa. Nikamwambia Bernadetha aende yeye, mimi nibaki na madarasa, akirudi anifundishe alichokipata. Alikataa kwanza, akasema si haki. Mimi ndiye niliyemsihi. Nakumbuka nilimfungia hata chakula cha njiani.

Aliporudi alinifundisha kama tulivyoahidiana. Kila siku saa tisa, watoto wakishakwenda shambani na bwana shamba wa kijiji, tuliingia darasa la tano, yeye ubaoni na mimi kwenye dawati. Mambo ya seti alinieleza vizuri. Akaja kwenye somo ambalo alisema ndilo litakalobeba alama nyingi, kutofautisha uhusiano na fanksheni. Alichora seti mbili na mishale inayotoka upande huu kwenda upande ule. Akasema mishale yoyote inayounganisha seti mbili ni uhusiano, lakini si kila uhusiano ni fanksheni. Mpaka hapo alisema kweli. Kisha akasema sharti la fanksheni ni kwamba mishale isikutane. Ikiwa vitu viwili vya upande wa kwanza vinaelekeza kwenye kitu kimoja, basi huo ni uhusiano tu. Akatoa mfano wa watoto na mama zao. Ndugu wawili wanaelekeza kwa mama mmoja, mishale imekutana, kwa hiyo si fanksheni. Lakini mama akielekeza kwa watoto wake watano, mishale haikutani, basi hiyo ni fanksheni.

Nilimuuliza, kaka. Nilimwambia kwamba ukichukua namba ukaizidisha kwa yenyewe, tatu inatoa tisa na hasi tatu nayo inatoa tisa. Je, kitu rahisi kama hicho nacho si fanksheni? Aligeukia ubao, akanijibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Akaniongezea na njia ya kupima kwenye grafu. Chukua rula, akasema, ilaze kama upeo wa macho, iteremshe polepole juu ya mchoro. Ikikata mchoro mahali pawili kwa pamoja, si fanksheni. Akanishika mkono akanionyesha. Nilifanya mazoezi kwa wiki tano, kila mchoro nikiupitishia rula iliyolazwa, mpaka nikawa sikosei.

Mtihani ulipokuja, lile somo lilibeba alama ishirini. Nilifurahi nilipoliona. Nilikuwa wa kwanza kuweka kalamu chini.

Yaliyofuata unayajua. Matokeo yalitoka mwishoni mwa Novemba, Bernadetha wa kwanza na mimi wa pili, tumepishana alama kumi na moja. Nililia siku moja, ya pili nikaacha. Nilimshukuru Mungu kwamba kama si mimi, basi ni yeye. Ndipo nilipokuandikia umshonee gauni la kwendea chuoni, nikasema ulishone kana kwamba ni langu. Na wewe ukanijibu barua ya kunipa moyo, ambayo ninayo hapa mezani, ya tarehe tano Desemba. Uliandika, "Mdogo wangu, kila mtu na fungu lake. Yapokee, utulie hapo ulipo." Nilitulia. Mwezi wa pili ulipoleta habari ya Swaleh, kwamba mwenzako mwenye duka kule Mugumu ananiposa na kwamba ni mtu mwema, nilikubali. Nilijiona sina sababu ya kukataa. Tukapanga ndoa iwe baada ya Idi.

Sasa mwezi wa tano tulitembelewa na mkaguzi wa shule, Mwalimu Okeyo, mtu mzima mpole asiyependa kukaa kwenye kiti anacholetewa. Alisimama nyuma ya darasa la saba nikifundisha seti. Kwa bidii yangu mwenyewe nikawa nimewaongezea watoto somo la fanksheni, ingawa halimo katika muhtasari wao. Niliwachorea mama na watoto wake, nikawachorea na grafu yenye umbo la bakuli, nikailaza rula. Mkaguzi alingoja mpaka kengele ilipolia. Watoto walipotoka alikuja ubaoni, akaichukua ile rula mkononi mwangu, akaisimamisha wima.

Alinieleza taratibu. Alisema fanksheni haijali mishale inakutana wapi, inajali inatoka wapi. Kila kitu cha seti ya kwanza lazima kitoe mshale mmoja, usipungue wala usizidi. Mtoto ana mama mmoja aliyemzaa, kwa hiyo kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama ni fanksheni hata ndugu wakiwa kumi. Mama mwenye watoto watano anatoa mishale mitano, kwa hiyo hiyo si fanksheni kamwe. Bakuli lililokaa wima ni fanksheni, lililolala ubavu si fanksheni, na rula hupimia ikiwa imesimama. Nilikuwa nauona mtihani wangu wote, swali kwa swali, nimeujibu kinyume.

Akaniuliza nani alinifundisha hivi. Nikamtaja Bernadetha na haraka nikamtetea, nikasema alikosea kusikia kwenye semina, naye bila shaka aliandika makosa yaleyale. Mwalimu Okeyo alisema karatasi zile alizisahihisha yeye. Karatasi ya mwalimu aliyechaguliwa ilikuwa na alama ishirini katika ishirini kwa somo hilo, na ndiyo peke yake katika wilaya.

Kwa muda wa mwezi mzima nilitafuta namna ya kumtoa lawamani. Nikasema labda alitambua kosa asubuhi ya mtihani. Nikasema labda mkaguzi amechanganya majina. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika nikajua kwamba na yeye atakuwa kwao Itiryo. Nikapanda lori, nikalala Kenyamonta kwa dada mmoja tuliyesoma naye, siku ya pili nikafika.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Alinikumbatia, akataka kunipigia maziwa mgando kwenye kibuyu. Nilimwambia maziwa baadaye.

"Uliandika sahihi kwenye karatasi yako," nikamwambia.

Akarudi kukaa juu ya kigoda chake. Hakuuliza karatasi gani.

"Ndiyo," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Mugumu. Siku ileile tuliyofundishwa."

Kisha alisema yote, bila kulia na bila kunitazama. Baba yake alikuwa amepokea ng'ombe wa mtu mmoja mwenye wake wawili, na mahari haikuwa imebaki ila mtamba mmoja. Mzee Nyangwine angekataa neno la binti, lakini barua ya serikali asingeikataa. Alijua kwamba mimi nikifundishwa sawasawa, yeye hapiti. Nilipomuuliza ile tatu na hasi tatu, alisema, karibu afute ubao aanze upya, lakini aliwakumbuka wale ng'ombe.

Nilimwambia kwamba angeniambia haya, ningemwachia nafasi. Nisingekwenda hata kwenye mtihani. Na ni kweli, kaka, ningefanya hivyo.

"Ningejuaje?" akasema. Hilo ndilo lililonichoma kuliko rula. Miaka mitatu chungu kimoja, na hakujua.

Nilikuwa nimesimama niondoke aliposema neno ambalo ndilo lililoniketisha kuandika barua hii. Alisema, "Lakini Mwanamvua, mbona unaniuliza kama ni habari mpya? Lukmani hakukwambia?"

Kaka, nilikaa chini kwenye maganda ya mahindi. Alinieleza kwamba alikuja dukani kwako tarehe tatu Desemba kupimwa lile gauni. Ulipomwambia kwamba nimekuagiza ulishone kama langu, alishindwa kuvumilia, akakwambia kila kitu, na akakuomba wewe ndiwe uniambie kwa kuwa yeye hana uso. Alisema ulisimama na futi ya kupimia shingoni, ukamuuliza kama kuna mwingine anayejua. Akasema hakuna. Ndipo ukamwambia, "Basi yaishie hapa. Mwanamvua akienda mbali harudi tena. Abaki karibu, kuna mtu ameshaniuliza habari zake." Ukamaliza kumpima.

Yeye alidhani kwamba umeniambia hata hivyo, na kwamba kimya changu ni msamaha. Ndiyo maana alinikumbatia.

Jina la mwalimu wa kwenda chuo lilipelekwa tarehe ishirini Desemba. Mwalimu Okeyo amenithibitishia kwamba kabla ya siku hiyo mtu angeweza kulalamika na kupewa mtihani mwingine. Ulikuwa na siku kumi na saba. Ya pili katika hizo ulikaa ukaniandikia ile barua ya fungu.

Nami nina langu la kuungama. Wakati wa kurudi nilishuka Tarime saa nne asubuhi kungoja lori la Mugumu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la mafuta ya taa, nikakuona mlangoni ukipiga pasi suruali ya mtu. Umekonda. Ulipuliza mkaa, ukainua kichwa, nikajificha nyuma ya nguzo. Nilingoja pale mpaka saa saba na sikuvuka. Wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni siku ya mazishi ya mama, na ndiwe uliyeacha shule ukashika cherehani ili mimi nisome. Niliogopa kwamba nikikufikia karibu nitakusamehe kabla hujaniomba.

Bernadetha sikumshtaki na sitamshtaki. Akirudishwa kutoka chuoni atapelekwa kwa yule mtu mwenye wake wawili. Lakini asije nyumbani kwangu. Watoto wa darasa la saba nimewaambia kwamba niliwafundisha kosa, wakafuta kwenye madaftari, tukaanza upya. Mwaka huu kuna mtihani mwingine Novemba, na Mwalimu Okeyo ameniandikisha. Kama nitapita nitakwenda, hata ikiwa ni mwisho wa nchi.

Habari ya ndoa, baada ya Idi haitakuwapo. Swaleh hana kosa, na sitaki umwendee wewe. Nimeshamwandikia mwenyewe nikamweleza sababu, asije akadhani nimemdharau. Akipenda kungoja ni hiari yake.

Kaka, sikuandikii ili ujitetee. Ninataka kusikia jambo moja kwa mkono wako, si kwa mtu uliyemtuma. Ile tarehe tano Desemba, ulipokuwa unaandika barua yangu, ulikuwa unanihurumia au ulikuwa unafurahi? Niandikie lolote lile, ila liwe kweli. Kabla ya hapo usije Robanda.

Wasalimie watoto, mkubwa umwambie nimefurahi kusikia ameshika namba tatu darasani. Msalimie sana wifi Kuruthumu. Atauliza ndoa imekuwaje. Mweleze wewe, na usimpunguzie.

Nakutakia afya njema.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanamvua