Baba Mhafidhina na Hoja ya Wageni

Baba,

Tangu tukuzike, Mama anaongea Kiswahili na kila mtu, hata na jirani asiyekijua. Thando, mjukuu wako, anamjibu kwa Kizulu na maisha yanaendelea.

Wiki iliyopita bunge la jimbo lilifanya kikao cha kukukumbuka, mbunge wao wa zamani. Kiongozi wa chama chako akasema ulikuwa mtu wa msimamo: ulipinga utoaji mimba, ulipinga baa karibu na shule, ulitaka watoto waanze masomo kwa sala. Ni kweli. Mimi na wewe tulibishana juu ya hayo tangu nilipoingia chuo, na bado sikubaliani nawe. Nilikuambia mwili wa mwanamke si mali ya serikali. Ukanijibu, "Na mimi nina dhamiri, binti yangu, siyo wewe tu." Kisha ukaniongezea chai.

Ila kiongozi huyo hakusema msimamo huo uliupata wapi. Ulitoroka nchi hii ukiwa kijana, enzi za ubaguzi wa rangi, ukaenda uhamishoni Tanzania kujiandaa kuikomboa. Huko Morogoro ukapokelewa na watu wasiokujua hata jina. Mzee wa nyumba, ambaye baadaye alikuoza binti yake, Mama, alikufundisha kusali kabla ya kula na kurudi nyumbani mapema. Hapa Johannesburg wenzako walidhani uhafidhina wako ulitoka kwa wachungaji. Mimi najua ulitoka kwa babu.

Wala kiongozi hakugusa ile hoja ya wageni. Chama chenu kilitaka wageni wakatazwe kuuza barabarani. Asubuhi ya kuipigia kura ulinipeleka kazini, tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Hillbrow. Wanawake wa Kikongo walikuwa wanapanga mitumba. Ukawatazama mpaka magari ya nyuma yakapiga honi.

"Mhafidhina ni mtu anayehifadhi," ukasema. "Mimi nilihifadhiwa na watu. Leo nifanye nini?"

Ukapiga kura ya kupinga, peke yako katika chama chenu. Uchaguzi uliofuata hawakukusimamisha. Kanisani, watu waliokuwa wakikuwekea kiti wakaanza kukupita kama hawakuoni. Nilikuona tu unakaa garini muda mrefu kabla ya kuingia kanisani.

Basi familia ilipopewa nafasi, nikasimama nikayasema hayo yote, habari za babu na za ile hoja. Kiongozi wako alikuwa anaangalia simu yake. Sijui kama alisikia.

Nje akanifuata Mama Furaha, yule fundi cherehani kutoka Lubumbashi aliyekuwa anakushonea suti. Alikuwa amekaa juu kwenye viti vya wananchi. Akanishika mkono, akasema, "Ule mzee alinitetea mu bunge, kisha anakuya kunigombeza juu nafungua duka Siku ya Mungu." Akacheka huku analia. Na mimi nikacheka, maana huyo ndiye wewe hasa.

Siku hizi kuna wanaokusifu kwa sala tu, na wengine kwa ile kura tu. Hata mimi ninajikuta nachagua Baba ninayempenda, yule mwingine namwacha.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitaendelea kukubishia. Na Thando akiniuliza babu yake alikuwa nani, nitamwambia habari za wote wawili.

Binti yako,
Neema