Mke Wangu Hataki Niingie Naye Kliniki

Mama Hermelinda wa redio, naomba unisaidie maana usingizi umenikimbia, mimi ni Teófilo, mkulima wa viazi huku milimani Andahuaylas, mke wangu Nélida ana mimba kubwa sasa, na kila akienda kliniki nataka kuingia naye, wanaume wenzangu sokoni wananicheka eti nimevaa sketi, lakini hao hawanisumbui, anayeniumiza ni Nélida mwenyewe, ananiambia nibaki nje na punda. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa, mimi nilikuwa uani nangoja, yeye akaambiwa peke yake, nikaenda na baba yangu kumzika mtoto Nélida akiwa bado kitandani, na tangu hapo sijaligusa jambo hilo mbele yake kwa sababu namwonea huruma. Juzi muuguzi akaniita ndani, nikasikia moyo wa huyu mwingine unavyodunda, machozi yakanitoka, Nélida akageukia ukutani. Njiani nikamuuliza nimekosa nini, akasimama, akasema, "Safari ile tulibaki na mtu mmoja ambaye hakuvunjika, wewe. Ukiingia, na huyu naye akatutoka, nani atanishika?" Je, mama, niingie kwa nguvu au nimwache?

Teófilo mwanangu, poleni sana, wewe na mkeo.

Kwa nguvu usiingie. Mwili ni wake. Na hao wa sokoni waache wacheke mpaka wachoke.

Ila nitakugombeza kidogo. Unauita ukimya wako huruma, kumbe mwenzio ameuona akadhani wewe hukuumia. Mama gani asiyeonyeshwa mwanawe alipolazwa? Kabla ya kliniki nyingine, mpeleke kaburini. Mweleze mtoto mlimfunika kwa nguo gani, na nani alichimba. Ukilia, usikimbilie kujifuta. Aone kwamba mtu aliyevunjika anaweza kumshika mwenzake.

Kisha muulize, kwa upole, kama mnaweza kuingia pamoja. Akikubali, mwombeni muuguzi awatajie dalili za hatari: damu, kichwa kuuma kupita kawaida, mtoto kuacha kucheza tumboni. Zishike wewe pia. Zungumza mapema na mtu mwenye gari, awapeleke uchungu ukianza.

Na siku ya uchungu, akikutaka, keti nyuma yake, mkumbatie chini ya mbavu, akuegemee kwa uzito wake wote. Akitaka kukuuma mkono, mwache aume.