Alichonionyesha Mama Kihambani

Kilema,
14 Julai 2024

Mdogo wangu Gladys,

Habari za huko Dodoma? Shemeji Primus na watoto hawajambo? Huku baridi ya Julai inatubana, lakini tunaamka salama. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia kabla sijafika mwisho.

Jumapili iliyopita nilipika mtori, nikakukumbuka. Unakumbuka tukitoka misa ya kwanza, mama anavua viatu vyake vya kanisani mlangoni na kuingia jikoni moja kwa moja, wewe unalilia mfupa? Mimi napika vilevile, lakini haufikii wa kwake.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa tatu nilikatwa titi la kushoto, hospitali moja huko mjini Moshi. Usishtuke, naendelea na dripu za dawa, nywele zimekwisha, najifunga kilemba. Uvimbe niliugusa Novemba nikioga, nikasema Krismasi ipite kwanza. Daktari alinieleza kwamba uvimbe ukiwa mkubwa, tena ukiachwa muda mrefu, hatari ya kusambaa hadi kwenye tezi za kwapani inaongezeka. Walizitoa kumi na nne. Tatu zilikuwa na saratani.

Aliniuliza pia kama mama yetu aliwahi kuugua hivyo. Nikajibu hapana.

Gladys, nilidanganya. Nilipokuwa darasa la saba, mama aliacha kuchuma kahawa ya matawi ya juu. Nilipomuuliza, alinivuta nyuma ya migomba ya kihamba chetu, shamba lile la kuzunguka nyumba, akauweka mkono wangu kwapani mwake. Palikuwa na kitu kigumu, hakisogei. Akasema, "Usimwambie baba yako. Msimu ukiisha nitakwenda."

Msimu uliisha, hakwenda, nami sikusema. Mkaambiwa ni kifua kilichomuua, na hadi leo ndivyo unavyoamini.

Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Una dada?"

Nenda ukapimwe wiki hii, hata kama husikii maumivu. Na kama umeshagusa kitu ukanyamaza, nipigie. Najua utanikasirikia kwa ajili ya mama. Kasirika, ila uwe njiani kwenda hospitali.

Kaka Jovin anawasalimu nyote, na watoto wangu wanamuulizia shangazi... samahani, mama yao mdogo. Siku hizi dawa zinanichanganya.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Lukresia