Mstari wa Mama

12 Machi 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi na vitabu. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Karakana nayo imejaa makochi ya watu. Mwenye lile la kijani ameapa atahamia humu humu na familia yake mpaka nilimalize. Nawe waendeleaje? Wanafunzi wako bado wanakusinzilia?

Ningependa kuandika kwamba na Mama ni mzima, lakini kalamu imegoma.

Barua yako ilifika. Unajua desturi ya nyumba yetu: barua haifunguliwi mpaka mbele ya Mama. Tangu macho yake yafifie msomaji ni mimi, nanyoosha sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Basi nikasoma habari za theluji, nikasoma za chuo, nikafika kwenye somo lako jipya, lile la Imani ya Mitume tunayoikariri kanisani. Ukaandika, tena kwa furaha, kwamba maneno "akashuka kuzimu" hayakuwemo hapo mwanzo. Kwamba kule Roma ya zamani watu walibatizwa bila kuyataja, yakaja kutiwa baadaye sana. Nikasoma mpaka kwenye nukta. Ndipo nikainua macho nikaona uso wa Mama.

Mdogo wangu, ule ni mstari wa Baba.

Kumbe hukujua? Nami sikujua kuwa hujui. Unamkumbuka Baba siku za Jumapili: anamsindikiza Mama hadi mlango wa kanisa, kisha anabaki nje na mwavuli wake. "Nisalimieni hao wa ndani." Kubatizwa, alisema, atabatizwa akipata nafasi, na kinyozi gani ana nafasi? Akafa wembe mkononi, mteja kanyolewa upande mmoja. Tangu hapo, kila tukifika "akashuka kuzimu", Mama hugeuza shingo kidogo kuelekea mlangoni. Wewe ulidhani anawatazama waliochelewa. Alikuwa akimwambia mumewe: Mwokozi anakuja huko uliko, jiandae.

Sasa anasema neno moja tu: "Kumbe hakuna aliyemfuata." Asubuhi hilo, jioni hilo. Sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Mwandikie umwambie ulikosea. Hata wasomi hukosea, ila nyie hampendi lipigiwe baragumu.

Nakungoja,
Kaka yako, mgonga misumari


2 Aprili 1986

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za maktaba, kisha nikakaa pale pale, watu wakawa wananiruka.

Sikujua, Kaka. Miaka yote hiyo nimekaa ubavuni pa Mama kanisani na sikujua shingo ile inageukia nini. Ningejua, ningeandika habari za theluji tu.

Lakini unachoniomba sikiwezi. Sikukosea. Ungamo la zamani la Roma lipo, nimelisoma: akasulubiwa, akazikwa, siku ya tatu akafufuka. Katikati hamna kitu. Maneno yale yanaonekana mwishoni mwa karne ya nne, na mwandishi anayeyafafanua anakiri mwenyewe kwamba kanisa la Roma halina. Nimwandikie Mama kwamba si hivyo? Mama ndiye aliyenichapa kwa kusema uongo kuhusu kipande cha sabuni. Nikimdanganya leo kwa huruma, kesho nikimwambia nampenda atajuaje kama si huruma nyingine?

Na wewe, Kaka, kwa nini usingeipitia kwanza kwa macho?

Mbembeleze ale. Mwambie nampenda, hilo halina ubishi wa wasomi.

Mdogo wako,
Mwalimu


20 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Salamu, na ya afya tuyaache. Niipitie kwanza? Katika nyumba hii? Ningeanza lini, na Mama anaisikia bahasha ikichanika akiwa chumba cha pili?

Nimeona nikusimulie niliyojaribu, ucheke kidogo, maana huku hakuna anayecheka.

Kwanza nilimletea mchungaji. Kijana mzuri, ana haraka kidogo. Akamwambia, "Mama, hayo ya nani yuko wapi tumwachie Mungu." Mama akamwuliza, "Na wewe baba yako yuko wapi?" Akasema yuko nyumbani, anaangalia mpira. Mama akageukia ukutani.

Pili, nikajitosa mwenyewe kwenye elimu. Nikamwambia: Mama, kochi likitoka kwangu lina kitambaa kipya, lakini mbao ni zile zile za zamani. Huenda na huo mstari ni kitambaa tu, mbao zilikuwepo. Nilijiona profesa. Mama akasema, "Na wewe ni mara ngapi umebadilisha mbao bila kumwambia mwenye kochi?" Nikaenda uani kuwaangalia kuku.

Tatu, na hapa usinirukie, niliandika barua ya kutoka kwako. Ndiyo. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha yako ya zamani, nikaichana mbele yake kwa kishindo. "Mama mpendwa, nimechunguza upya vitabu vyote..." Sikufika mbali. "Hii imeandikwa na mtu wa makochi," akasema. "Mwanangu haniiti Mama mpendwa. Ananiita Mama, basi." Nasikia hata zamani hizo zako wapo walioandika nyaraka kwa majina ya mitume. Nao walishikwa na mama zao?

Cheka, halafu usome hili polepole. Jumapili iliyopita tulimbeba kanisani. Watu wakakariri, naye akakariri. Akafika "akazikwa", akafunga mdomo. Shingo haikugeuka. Akawaacha wapite, wala hakujiunga nao tena mpaka mwisho.

Ananiogopesha. Si kifo anachokiogopa, anaogopa atamkuta nani. Amesema: "Nitafika, na yeye atakuwa nje."

Sikuombi uongo tena. Lakini tafuta. Katika vitabu vyote hivyo hamna hata kipande cha ukweli cha kumlisha mama yako?

Kaka yako


25 Mei 1986

Mdogo wangu,

Posta nimekwenda mpaka yule mama wa dirishani ananiona mbali anatikisa kichwa, ananiokolea foleni.

Andika. Hata kama ni matusi, andika. Sasa anakunywa maji kwa kijiko, na akisikia baiskeli nje anauliza, "Ni barua?"

Kaka


9 Juni 1986

Kaka,

Shikamoo, na unisamehe. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Isome hii kwa sauti kama kawaida, bila kuruka wala kuongeza. Inaanzia hapa.

Mama,

Ni mimi. Nilichokuandikia ni kweli: mstari ule ulitiwa kwa kuchelewa. Ila nilikupa nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kumlaza mtu na njaa.

Kuchelewa kuandikwa si kuchelewa kuaminiwa. Karne mbili na zaidi kabla ya mstari ule, walikuwepo waliohubiri na kuimba kwamba alishuka kwa wafu na kuikanyaga kuzimu. Kabla yao, waraka wa kwanza wa Petro unasema aliwahubiria roho waliokuwa kifungoni. Wasomi wanagombania maana ya maneno hayo, na mimi ni mmoja wa wagomvi. Na huko Korintho, Mama, katika siku za Paulo mwenyewe, wapo waliobatizwa kwa ajili ya wafu wao. Hatujui walifanyaje hasa. Lakini hatuna haja ya kuuliza kwa nini. Walikuwa na watu wao waliobaki nje.

Nani aliutia mstari ule kwanza, hakuna ajuaye. Mimi nadhani uliingia kwa sababu watu hawakuacha kuuliza: na wetu waliotangulia, je? Wewe si wa kwanza kuuliza. Ulikuwa kwenye foleni ndefu sana nami nikakutoa.

Kama kweli alishuka, shahada zangu haziwezi kukuthibitishia. Historia ni kama Baba, Mama. Inakusindikiza mpaka mlangoni, halafu inabaki nje na mwavuli wake. Hayo ya ndani unayajua wewe kuliko mimi.

Jumapili hii nilikariri huku ugenini. Nilipofika pale, niligeuza shingo. Nikawaza labda kuna mtu amesimama.

Nakuja. Chuo kikifungwa tu napanda ndege. Tutaikariri pamoja yote, na mstari wako sitauruka. Uninywee uji mpaka nifike.

Mimi, Mwalimu wako


24 Juni 1986

Mdogo wangu,

Pole. Telegramu utakuwa umeipata, na telegramu ni bahili wa maneno, kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Ilikuwa mchana. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaomba, wakaanza kukariri. Nilikuwa nimemshika mkono. Walipofika "akazikwa", midomo yake ilisimama kama kawaida, akanivuta kidole. Nikainama. Akauliza, "Imekuja?" Ningeweza kusema ndiyo. Nilishaumbuliwa mara moja, nikaogopa. Nikasema, "Bado, Mama." Akaniachia kidole. Wale wanawake waliendelea mpaka amina, na mpaka amina alikuwa ameshakwenda.

Tumemzika kando ya Baba.

Jana nimerudi karakanani, kwa sababu mwenye kochi la kijani naye hakuwa na la kufanya ila kunipa pole na kulitazama kochi. Yule mama wa posta akaja mwenyewe kwa miguu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akanipa bahasha yako kwa mikono miwili.

Sijaifungua.

Usidhani ni hasira. Hasira nilikuwa nayo, nimeigongea misumari yote kwenye lile kochi, sasa halikaliki. Lakini barua ya nyumba hii hufunguliwa mbele ya Mama, na sijui kuisoma kwa namna nyingine. Nimeishika juani nione mwandiko, nikaona aibu, nikaishusha. Nimeiweka juu ya kile kiti cha Baba cha kunyolea, kinachotazama mlango.

Sijui umeandika nini. Kama umemwambia ulikosea, au umemwambia hukukosea, usinijibu kwa posta. Njoo. Najua chuo hakijafungwa, najua tiketi, najua yote. Njoo tu. Uifungue wewe, uisome kwa sauti, mpaka mwisho. Mimi nitasimama mlangoni.

Kaka